Seva Moja Ilinyamaza

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa viatu na fundi viatu kabla hujalisoma, usijali. Nitakukumbusha kwa kifupi, maana hata mimi sipendi kuyarudia.

Mimi ni fundi wa seva. Kampuni yetu ina seva kubwa zaidi ya arobaini, na kila moja inabeba ndani yake mashine ndogo ndogo za wateja. Hizo ndogo huwezi kuzishika kwa mkono, lakini zinafanya kazi kama kompyuta kamili. Chukulia nyumba moja yenye wapangaji wengi. Meneja wa mitambo ni wifi yangu, dada wa mume wangu wa toka nitoke. Mume wangu naye ni fundi umeme wa jengo hilohilo. Ofisini wananiita Mama Pacha na yeye Baba Pacha, na unajua kwa nini.

Asubuhi moja mashine ya maabara ya hospitali ilizimwa. Haikuharibika. Ilizimwa. Kuna mtu aliingia, akatoa amri. Majibu ya wagonjwa yakakwama mpaka mchana, hospitali ikaja juu, na wifi yangu akaninyooshea kidole mbele ya idara nzima: "Ni huyu."

Mkurugenzi akasema aliyefanya hivyo ataondoka na barua ambayo haitamruhusu kushika seva popote maishani mwake. Mimi kazi nyingine siijui. Nikajibu kwa kiburi, "Fungueni logi. Logi zitasema."

Basi zikafunguliwa.

Logi, kwa usiyejua, ni maneno ya seva yenyewe: nani ameingia, amefanya nini, wakati gani. Zamani kila seva kubwa ilijiwekea zake. Mimi ndiye niliyeandika skripti ya kuzikusanya, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta inazifuata yenyewe. Badala ya kukaa mbele ya kila seva na kuibadilishia mpangilio kwa mkono, skripti ilipita yenyewe kutoka seva hadi seva, ikaiambia kila moja: kuanzia leo logi zako zitume kwenye ghala moja. Ilipomaliza na kila seva iliniandikia neno moja kwenye skrini, "Tayari." Siku ile nilitembea ofisini kifua mbele.

Tulikaa chumba cha mikutano, kile chenye meza inayoyumba. Mkurugenzi mwanzo wa meza, wifi yangu kulia kwake, mimi upande wa pili peke yangu. Kompyuta ilikuwa kwa fundi wa mtandao tunayemwita Betri, kwa sababu hajawahi kuonekana na simu isiyo na waya wa chaji.

"Fungua ghala," mkurugenzi alisema.

Betri akafungua. Majina ya seva yakajaa ukutani, kila moja na maneno yake. Nilimtazama wifi yangu nikatabasamu. Sikuweza kujizuia.

"Sasa fungua ile yenye maabara."

Betri akabonyeza. Akasubiri. Akabonyeza tena.

"Hakuna kitu," alisema.

"Hakuna kitu vipi?"

"Hakuna hata mstari, mkurugenzi. Seva hii haijawahi kutuma chochote huku."

Tabasamu langu likanifia mdomoni. Lake ndiyo kwanza likaanza.

"Skripti hii ni ya nani?" wifi yangu aliuliza. Alikuwa anajua fika ni ya nani.

"Yangu."

"Ilipita seva zote?"

"Zote."

"Na hii ikakwambia nini?"

"Ilisema tayari."

"Ahaa. Tayari." Akamgeukia mkurugenzi. "Mimi sikusomea skripti, lakini macho ninayo. Seva zote zinasema, isipokuwa moja. Na hiyo moja ndiyo iliyoguswa. Bahati mbaya ya ajabu, eti?"

"Wifi, unajua mimi siwezi..."

"Hapa kazini mimi si wifi yako. Mimi ni Meneja."

Mkurugenzi akafunga daftari lake. "Mama Pacha, kesho mchana tunakaa tena hapa. Njoo na maelezo. Usipokuwa na maelezo, njoo umefungasha."

"Na kuanzia sasa hivi," Meneja akaongeza, "ruhusa zake zote za kuingia kwenye seva nimezifunga."

Alikuwa ameshazifunga hata kabla ya mkutano. Nilirudi mezani kwangu, kompyuta ikanikatalia kama haijapata kuniona.

Nilikwenda kukaa kwenye ngazi za dharura, ambako watu huenda kulia au kuvuta sigara. Sivuti. Nilikuwa na nakala ya skripti kwenye simu, nikaanza kuisoma mstari kwa mstari nikitafuta nilipokosea. Betri akanifuata na waya wake ukimning'inia mfukoni.

"Umeona?" aliniuliza.

Niliona. Nilitaka ardhi inimeze.

Skripti ilikuwa inakwenda kwenye seva, inabisha hodi, inatuma mpangilio mpya, halafu inaandika "Tayari." Lakini sikuwa nimeiambia isubiri jibu. Iwe seva imeitika au haikuitika, neno lilikuwa lilelile. Na siku niliyoiendesha, seva ile ilikuwa imelazwa juu ya meza ya karakana, tumbo wazi, Betri mwenyewe akiibadilishia feni. Skripti ikabisha hodi kwenye nyumba tupu, ikaandika "Tayari," ikaenda zake.

Betri akacheka kwa uchungu. "Kwa hiyo skripti yako ni kama wale wageni wa 'nilikuja sikukukuta'?"

"Afadhali hao. Yangu inasema ilikuja, ikanikuta, tukaongea vizuri."

"Unafanya mzaha?"

"Nifanye nini, Betri? Nijirushe?"

Akakaa ngazi ya chini yangu. Halafu wote wawili tukageukiana kwa pamoja, maana wazo lilitujia wakati mmoja.

"Kama haikuambiwa itume logi ghalani," alisema, "logi zake ziko wapi?"

"Ndani yake mwenyewe."

"Ile haina diski ya kuwekea."

"Haina. Inazishika kwenye kumbukumbu. Maadamu imewaka, zipo. Ikizimwa na kuwashwa upya, inasahau yote."

"Na haijazimwa tangu siku ile. Iliyozimwa ni mashine ya maabara tu, ya ndani."

"Basi jina lipo, Betri. Jina la aliyezima lipo mpaka sasa."

Nilisimama. Nilitaka kumkumbatia, na mimi ni mke wa mtu. Simu yake ikalia. Akasoma, akasoma tena, akanigeuzia skrini.

Ujumbe wa Meneja, kwa mafundi wote: kesho saa sita mchana seva yenye maabara itawashwa upya kwa sababu za usalama. Asiiguse mtu kabla ya hapo.

"Anajua kwamba ikiwashwa upya inasahau?" Betri aliuliza.

"Amekuwa meneja wa mitambo miaka yote hii. Hajui vipi?"

Hapo nilipaswa kutulia. Lakini mimi nikikasirika miguu inakwenda yenyewe. Nilimkuta wifi yangu kwenye mlango wa chumba cha seva, anamwelekeza mfagizi sehemu ambayo tayari ilikuwa safi.

"Usiiwashe upya ile seva," nilimwambia.

"Unaniamuru?"

"Nakuomba. Subiri hata siku mbili."

"Kwa nini? Ina nini?"

Nikaona nimeshaanza kusema zaidi ya ninavyotaka. "Sina sababu. Naomba tu."

Akanisogelea mpaka nikasikia marashi yake. "Unajua tatizo lako? Tangu uingie kwetu, unafikiri wewe ndiye mwenye akili peke yako. Ndugu yangu nyumbani kwake hana sauti, kila kitu mke wangu amesema, mke wangu amesema. Sasa kesho saa sita seva itawashwa upya. Na ikifika jioni utakuwa nje ya geti na mkoba wako, ukaandike hizo skripti zako kwenye mchanga."

Mfagizi aliinamia ufagio wake kana kwamba hana masikio. Nikaondoka kabla sijasema la ziada.

Jioni nyumbani, pacha walikuwa wanagombania rimoti. Mume wangu alikaa mbele ya sahani yake anakizungusha chakula bila kukila. Wiki nzima alikuwa hivyo. Nilikuwa nimejiambia kwamba ananionea huruma.

"Mama Pacha," alisema bila kuinua uso, "si uombe msamaha tu yaishe?"

"Msamaha wa nini?"

"Sema mkono uliteleza. Binadamu anakosea. Nitazungumza na dada, atapunguza ukali."

"Mkono wa nani uliteleza?"

Kijiko kikagonga sahani. "Nasema tu."

"Baba Pacha, niambie kweli. Unaamini nimeizima mimi?"

"Sijasema hivyo."

"Basi sema hukubali! Nenda kwa dada yako, mwambie mke wangu hakufanya. Maneno matatu tu. Mbona yanakushinda?"

"Wewe na dada mnanivuta huku na huku kama shuka. Mimi nimechoka." Akasukuma sahani. "Kwani logi si hazipo?"

Nilikuwa na jibu kwenye ncha ya ulimi. Nikalimeza. Namjua mume wangu: lolote nitakalomwambia usiku, dada yake atakuwa nalo kabla ya chai.

"Hazipo," nilisema.

Akashusha pumzi. Akainuka, akachukua bisibisi, akaenda kukaza swichi ya ukumbini ambayo haikuwa na ubaya wowote. Mimi nikaingia bafuni, nikafungulia maji ili pacha wasinisikie nikilia.

Kesho yake asubuhi Meneja alitoka kwenda kuwatuliza wakubwa wa hospitali. Gari lake lilipopita geti tu, nilikuwa nimeshasimama nyuma ya kiti cha Betri.

"Nikifukuzwa kwa ajili yako," alisema, "utanilisha."

"Nitakulisha. Ingia."

Akaingia kwenye seva kwa ruhusa zake. Logi zilikuwepo. Zilikuwa zimebaki kidogo, maana kumbukumbu ikijaa mistari mipya huifuta ya zamani, na ile ya siku tuliyoitaka ilikuwa imekaribia ukingoni kabisa. Kama tungechelewa tungekuta imekwenda yenyewe, bila msaada wa Meneja.

Betri akashuka nayo taratibu, kidole kwenye skrini. "Asubuhi ile... kiyoyozi kilikufa, joto limepanda, seva inalalamika... hapa! Amri: zima. Mashine: maabara."

"Nani?"

Akaondoa kidole kwenye skrini.

"Betri, nani?"

Akasogea pembeni ili nisome mwenyewe.

Lilikuwa jina la mume wangu. Lote, kama lilivyo kwenye cheti chetu cha ndoa.

"Fundi umeme anaingiaje kwenye seva?" Betri alinong'ona. "Hana ruhusa ya kuingia hapa." Akatafuta kidogo. "Anayo. Amepewa. Na aliyempa ni Meneja."

Sijui nilikaa vipi, ila nilijikuta nimekaa sakafuni na mgongo umeegemea kabati. Niliumia jamani. Sikuumia kwa sababu alikosea, nani asiyekosea? Niliumia kwa sababu wiki nzima alilala kitanda kimoja na mimi, akaniona ninavyokonda, akanisikia bafuni, na dawa aliyoipata ni kuniambia nikaombe msamaha kwa kosa lake.

Betri alinakili mistari yote kwenye kompyuta yake na kwenye kijidiski cha mfukoni, akanikabidhi.

"Peleka moja kwa moja kwa mkurugenzi."

"Sawa."

"Mama Pacha, nakujua. Usipite popote. Moja kwa moja."

"Nimesema sawa, Betri."

Nikapita.

Ndiyo. Mnitukane, nimestahili. Mkurugenzi alikuwa na wageni mpaka mchana, na gari la Meneja lilikuwa limerudi. Ningeweza kwenda kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkurugenzi na kukiminya kile kijidiski mpaka aniite. Lakini nilitaka nimwone wifi yangu uso ukimshuka. Nilitaka nimwone kabla ya mtu mwingine yeyote, tukiwa wawili tu. Kwa wiki nzima alinila nyama, na mimi nilikuwa na njaa yangu.

Niliingia bila kubisha hodi.

"Nani amekuruhusu..."

"Nimelipata jina," nilisema.

Alikuwa anavua viatu vya barabarani avae vya ofisini. Akabaki na kimoja mkononi.

"Jina gani?"

"Unalijua. Mmelala tumbo moja."

Uso ukashuka. Wallahi ulishuka, na kwa muda mfupi nilifurahi. Akakiweka kiatu chini polepole, akaenda kufunga mlango.

"Kaa," alisema.

"Sikai."

"Basi simama unisikilize. Kiyoyozi kikifa katika jengo hili, nani anakimbia? Yeye. Nyinyi mafundi wa seva mnafika mkiwa mmeshachelewa. Nilimpa ruhusa azime mashine chache zisizo na haraka, ili seva ipumue isiungue. Ameifanya kazi hiyo mara nyingi, hakuna aliyejua. Siku ile amezima isiyo yenyewe. Basi. Hakukusudia."

"Na mimi je?"

"Wewe nini?"

"Mimi nilikusudia nini? Mbona mlinitwika mimi?"

Akanitazama moja kwa moja, na hapo hakuwa tena Meneja. "Kwa sababu ikijulikana, anafukuzwa yeye, na mimi nafukuzwa, kwa siku moja. Mama yetu anaishi kwa mikono yetu miwili. Wewe utakwenda kwenu, utapata kazi nyingine."

"Kwa barua ile? Nani atanipa seva nishike?"

"Utajua mwenyewe."

"Mimi ni mke wake!"

"Wake wanapatikana," wifi yangu alisema. "Ndugu yangu ni mmoja."

Nikageuka kuushika mlango.

"Nani mwingine ameiona?" akauliza, sauti imebadilika, ya kikazi.

"Betri. Na mchana huu ataiona mkurugenzi. Iwashe upya hiyo seva mara kumi ukitaka."

"Sawa. Toka ofisini kwangu."

Nilitoka kichwa juu. Nikapita ukumbini kama niliyeshinda kesi. Mjinga mkubwa mimi. Nilikuwa nimempa wifi yangu kila alichohitaji: kwamba jina lipo, ni la nani, nani ameliona, na litasomwa lini. Zaidi ya hapo nilimwachia muda mpaka mchana wa kukaa na ndugu yake.

Saa sita seva iliwashwa upya, kama ilivyotangazwa. Ikasahau kila kitu. Nilicheka peke yangu chooni, nikagusa kijidiski mfukoni.

Tulirudi kwenye meza inayoyumba. Safari hii mume wangu naye alikuwepo, kwenye kiti cha pembeni, amevaa ovaroli lake la kazi. Nilishangaa kumkuta, maana nilijua nitaomba aitwe, sikutegemea awe ameshafika. Hakunisalimia.

"Maelezo yako," mkurugenzi aliniambia.

Nikaeleza yote. Skripti ilipokosea nikasema imekosea, sikujipaka mafuta. Nikaeleza seva ilivyokuwa mezani siku ile, nikaeleza kumbukumbu, Betri akathibitisha kwamba mistari ameitoa yeye kwa mkono wake kabla ya saa sita. Ikawekwa ukutani. Mkurugenzi akavaa miwani, akasoma, akaivua.

"Fundi," alimwita mume wangu. "Hili jina ni lako?"

"Ni langu."

"Fundi umeme anatafuta nini kwenye seva? Nani alikupa ruhusa?"

"Mimi," wifi yangu akadakia. Akainuka, amekunja mikono kwa adabu ambayo sijawahi kuiona kwake. "Nilimpa kwa ajili ya dharura za joto, bila kukuuliza, mkurugenzi. Ni kosa langu. Nilipaswa kulisema mapema. Adhabu yoyote utakayonipa nitaipokea."

Nilimtazama Betri, Betri akanitazama. Tulitegemea akatae. Mtu anayekiri haraka hivyo ana jambo jingine nyuma.

"Kwa hiyo ni wewe uliyezima?" mkurugenzi alimuuliza mume wangu.

"Hapana."

"Hapana vipi, na jina lako hili hapa?"

Mume wangu akayasugua magoti yake. "Asubuhi ile kiyoyozi kilikufa. Nilipanda paani kukishughulikia. Kompyuta ya chumba cha umeme niliiacha wazi, nimeingia kwa jina langu. Niliposhuka..." Akamtupia dada yake jicho. "Niliposhuka nilimkuta Mama Pacha amekaa hapo."

"Amekaa wapi?"

"Kwenye kompyuta."

Nilisikia vizuri, lakini kichwa kilikataa kupokea.

"Mama Pacha," mkurugenzi akanigeukia. "Asubuhi ile ulikwenda chumba cha umeme?"

"Nilikwenda. Nilimpelekea miwani yake, aliisahau nyumbani. Lakini hakuwa paani! Alikuwepo palepale, akaipokea kwa mkono wake. Na kompyuta sikuigusa."

Nilipokuwa nasema hivyo ndipo nilipoelewa. Bila ile miwani haoni hata bei ya mkate. Alikwishatoa amri kabla sijafika, akibahatisha mstari kwenye skrini asiyoiona sawasawa. Nilimkuta anatokwa na jasho, nikamfuta kwa khanga yangu, nikamwambia pole na joto.

"Kuna aliyekuona ukimpa?"

"Tulikuwa wawili tu. Shahidi wangu ni yeye."

"Logi inaonyesha jina," Betri aliingilia. "Mkurugenzi, jina si la Mama Pacha."

"Inaonyesha jina," wifi yangu alisema kwa upole. "Haionyeshi kidole kilichobonyeza. Na chumba cha umeme kina kufuli la kawaida, hakiandiki nani ameingia lini. Mkurugenzi, jiulize. Katika jengo hili ni nani alijua kwamba seva moja tu haitumi logi ghalani? Aliyeandika skripti. Nani alijua ni ipi? Aliyeandika skripti. Mtu mwenye akili hivyo angezima kwa jina lake mwenyewe?"

"Sikujua!" nilipiga kelele. "Skripti iliniambia tayari! Nimejua jana, kwenye mkutano, mbele yenu wote!"

"Hivyo ndivyo unavyosema."

Niligeuza kiti changu nikamkabili mume wangu. "Baba Pacha. Nitazame."

Alikuwa anautazama mguu wa meza.

"Nitazame, uniambie mimi, siyo wao. Nilikaa kwenye kompyuta yako?"

Midomo yake ikatikisika. Nilifikiri anarudi. Kwa kweli nilifikiri sasa atalia, aseme, yaishe, tugombane nyumbani kama watu wengine. Dada yake akakohoa kidogo tu, kile kikohozi cha kusafisha koo.

"Ulikaa," alisema.

Mkurugenzi akainama mbele, mikono juu ya meza, meza ikayumba upande wake. "Fundi, unaelewa unachokisema? Hospitali wanataka kwenda polisi. Huyu hatatoka hapa na barua tu. Nakuuliza mara ya mwisho, na ufikiri kabla ya kujibu. Una hakika?"

Sasa akainua uso. Macho yalikuwa mekundu, na machozi yalimlengalenga kweli kweli. Yeyote angemwonea huruma.

"Ni mke wangu, mkurugenzi," alisema. "Mtu atamsingiziaje mama wa watoto wake?"

Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa, akaninyooshea mkono nimkabidhi kitambulisho changu, na kwa mkono wa pili akavuta simu ya mezani.